Saiklokrosi au changarawe: kuchagua baiskeli ya njia mbovu

Baiskeli ya saiklokrosi na baiskeli ya changarawe zikiegemezwa ukutani sambamba, jicho lisilozoea huona baiskeli mbili za aina moja. Zote zina usukani uliopinda kuelekea chini kama wa baiskeli za mashindano ya lami, matairi mapana kidogo yenye vinundu na, kwa zilizotengenezwa miaka ya karibuni, breki za diski. Hata rimu zake kwa kawaida ni za kipenyo kimoja. Kinachozitenganisha ni milimita chache za fremu na idadi ya meno kwenye gia, mambo ambayo muuzaji huyataja harakaharaka na mnunuzi huyapuuza. Milimita hizo, hata hivyo, hazikuwekwa kwa kubahatisha. Saiklokrosi ilitengenezwa kwa ajili ya mbio za saa moja matopeni, huku baiskeli ya akiba ikisubiri pembeni. Baiskeli ya changarawe ilitengenezwa kwa ajili ya kutwa nzima kwenye barabara ya vumbi, mahali ambapo hakuna anayesubiri. Karibu kila tofauti nyingine inatokana na hiyo.

Saiklokrosi ni mchezo wa majira ya baridi ya Ulaya. Ulianza Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 20, pale waendeshaji wa mbio za barabarani walipotafuta namna ya kulinda pumzi na nguvu za miguu katika miezi isiyo na mashindano. Walikatiza mashambani, wakavuka mitaro na nyua, na walipokwama walibeba baiskeli begani wakakimbia. Daniel Gousseau, askari wa jeshi la Ufaransa, ndiye anayetajwa kuwa aliandaa mashindano ya kwanza ya taifa hilo mwaka 1902. Octave Lapize aliposhinda Tour de France mwaka 1910 alisema mazoezi hayo ya baridi yalimsaidia, na mchezo ukapata wafuasi. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Paris mwaka 1950, bingwa akiwa Jean Robic, aliyekuwa ameshinda Tour miaka 3 kabla yake. Baadaye kitovu cha mchezo kilihamia Ubelgiji na Uholanzi. Éric De Vlaeminck wa Ubelgiji alitwaa ubingwa wa dunia mara 7 kati ya mwaka 1966 na 1973. Kwa wanawake, Marianne Vos wa Uholanzi ameutwaa mara 8.

Mashindano yenyewe huchezwa kwenye mzunguko mfupi wa kilomita 2.5 hadi 3.5 unaorudiwa tena na tena kwa karibu saa moja. Ndani ya mzunguko huo huwekwa kila aina ya kero: tope zito, mchanga, kingo za mteremko mkali, ngazi, na mbao za kuruka zenye kimo kisichozidi sentimita 40. Mwendeshaji hushuka baiskeli ikiwa bado inakwenda, huinyanyua, huruka kizuizi, kisha hupanda tena bila kusimama. Kando ya njia kuna kituo cha ufundi ambako fundi husubiri na baiskeli ya pili. Siku ya tope jingi, mshindani wa ngazi ya juu anaweza kubadilisha baiskeli kila nusu ya mzunguko. Wakati yuko kwenye hii, ile nyingine inaoshwa kwa mpira wa maji ya presha.

Mambo hayo yote yameandikwa kwenye umbo la fremu. Ekseli ya pedeli huwekwa juu kidogo, ili pedeli isikwaruze ardhi mwendeshaji anapopiga pedeli kwenye mteremko wa upande. Urefu kati ya gurudumu la mbele na la nyuma ni mdogo, hivyo baiskeli hugeuka upesi kwenye kona kali zilizopangwa mfululizo. Bomba la juu la fremu mara nyingi hubapa upande wa chini ili lisiumize bega, na pembetatu ya fremu huachwa wazi ili mkono upite wakati wa kubeba. Matundu ya kufungia kibebea cha chupa yanaweza kuwa ya seti moja au mbili tu, na katika mashindano hata hayo hayatumiki, kwa sababu hakuna anayebeba maji kwa mbio za saa moja za msimu wa baridi. Keria na madigadi havina nafasi kabisa.

Baiskeli ya changarawe ina ukoo mwingine. Ilizaliwa katikati ya Marekani, kwenye majimbo ya kilimo kama Iowa na Kansas, ambako mashamba yamegawanywa na barabara ndefu zilizonyooka zisizo na lami. Mwaka 2006 watu 34 walianza mashindano ya maili 200, yaani takribani kilomita 320, kwenye vilima vya Flint Hills karibu na mji wa Emporia, Kansas. Mashindano hayo, ambayo tangu mwaka 2020 yanaitwa Unbound Gravel, sasa huvuta maelfu ya watu kila mwaka. Washindi humaliza kwa takribani saa 9 au 10. Wengine huingia mjini usiku wa manane wakiwa na taa usoni. Jina la vilima hivyo linatokana na jiwe gumegume, ambalo hupasuka likaacha kingo kali kama wembe, na matairi yanayochanwa hapo hayahesabiki. Mashindano hayo yalipoanza, hakuna duka lililouza kitu kiitwacho baiskeli ya changarawe. Watu walikuja na saiklokrosi, na baiskeli za milimani, na za lami zilizobebeshwa matairi mapana kadiri fremu ilivyoruhusu.

Saiklokrosi ndiyo iliyokaribia kufaa, na kasoro zake ndizo zilizozaa baiskeli mpya. Baada ya saa 6 wepesi wake wa kugeuka hugeuka uchovu, kwa kuwa mwendeshaji hulazimika kuirekebisha kila inapogonga jiwe. Gia zake nyepesi hazikuwa nyepesi vya kutosha kwa miguu iliyochoka. Sehemu za kufungia chupa hazikutosha, na tairi la milimita 33 lilipasuka upesi mno. Mwaka 2012 kampuni ya Salsa ya Minnesota ilitoa Warbird, moja ya baiskeli za mwanzo kabisa kuuzwa mahususi kwa mashindano ya changarawe. Mwaka 2019 Shimano ya Japani ilitoa GRX, seti kamili ya gia na breki iliyopangwa kwa ajili ya changarawe. Chama cha kimataifa cha baiskeli, UCI, kilifuata nyuma: mashindano ya kwanza ya dunia ya changarawe yalifanyika mkoa wa Veneto, Italia, mwaka 2022.

Mchezo huu umefika Afrika Mashariki pia, na haishangazi, kwa kuwa barabara zake ziko tayari. Migration Gravel Race ilianza mwaka 2021 katika eneo la Maasai Mara nchini Kenya, siku 4 na takribani kilomita 650 za vumbi, mawe na kokoto, ikiwakutanisha waendeshaji wa Kenya, Uganda na Rwanda na wenzao kutoka Ulaya na Marekani. Tanzania nayo imewahi kuwa mwenyeji wa Evolution Gravel Race. Mkenya Sule Kangangi, nahodha wa Team Amani na mmoja wa waliousukuma mchezo huu katika ukanda, alifariki kwa ajali tarehe 27 Agosti 2022 akiwa kwenye mashindano ya changarawe jimbo la Vermont, Marekani. Saiklokrosi, kwa upande wake, haijapata mizizi ya namna hiyo katika ukanda huu, jambo ambalo mnunuzi wa Nairobi, Arusha au Kigali anapaswa kulipima kabla ya kulipia baiskeli ya mashindano ambayo pengine hatayaona.

Kati ya tofauti zote, tairi ndilo la kuanza nalo. Kanuni za UCI haziruhusu tairi la saiklokrosi kuzidi upana wa milimita 33, na fremu nyingi za saiklokrosi zilichorwa zikizingatia kipimo hicho pamoja na nafasi ya tope kupita pembeni. Nje ya mashindano fremu hizo mara nyingi hupokea tairi la milimita 35 hadi 38, kisha basi. Baiskeli ya changarawe hupokea milimita 40 hadi 45 bila shida, na nyingi za sasa hufika 50. Tofauti ya 33 na 45 husikika ndogo, lakini hewa haipimwi kwa upana pekee. Eneo la ndani la tairi hukua kwa mraba wa upana, kwa hiyo tairi la 45 hubeba karibu mara 1.9 ya hewa inayobebwa na la 33. Hewa hiyo ndiyo springi ya baiskeli isiyo na springi.

Kutokana nayo, presha inaweza kushushwa bila rimu kugonga mawe. Mwendeshaji wa uzito wa kati mwenye tairi la milimita 45 anaweza kwenda na pauni 25 hadi 35 kwa inchi ya mraba kutwa nzima. Mshindani wa saiklokrosi hushuka chini zaidi, pauni 20 au pungufu akiwa topeni, kwa kuwa ardhi yake ni laini na mbio zake ni fupi. Akijaribu presha hiyo na tairi hilohilo jembamba kwenye barabara ya mawe, ataharibu rimu kabla ya saa sita mchana. Mwili nao huhisi tofauti. Barabara ya vumbi iliyopitiwa na malori huota vijituta vya mfululizo, na mtu aliyevipanda kwa tairi la 33 kwa saa kadhaa hujua kwamba kinachoumia kwanza ni viganja vya mikono, miguu ikiwa bado ina nguvu.

Mchoro wa tairi nao una hesabu yake. Tairi la tope la saiklokrosi lina vinundu virefu vilivyoachana, sawa na viatu vya njumu: hung'ata ardhi laini na hujisafisha tope, ila kwenye lami na changarawe ngumu hupiga kelele, hula nguvu na huisha mapema. Tairi la changarawe kwa kawaida lina vinundu vifupi vilivyobanana katikati, vinavyoviringika kwa wepesi, na virefu kidogo pembeni kwa ajili ya kona. Habari njema ni kwamba tairi hubadilishwa kwa dakika chache. Fremu haibadilishwi. Ndiyo maana swali la maana dukani ni kuhusu upana mkubwa kabisa ambao fremu na foku vinaweza kupokea. Tairi lililofungwa siku hiyo halina uzito huo.

Tope linastahili neno lake. Hapa saiklokrosi inashinda, na inashinda waziwazi. Kati ya tairi lake jembamba na fremu hubaki nafasi kubwa, na mabomba ya nyuma huchongwa ili tope lisikae. Baiskeli ya changarawe iliyojazwa tairi la 45 mahali ambapo 45 ndiyo kikomo haina nafasi hiyo. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaokutwa sehemu nyingi za mbuga za Kenya na Tanzania, mvua ya nusu saa inatosha kulifanya gurudumu lisizunguke. Mwaka 2023 kwenye Unbound Gravel huko Kansas, sehemu ya tope mapema katika njia iliwalazimisha mamia ya washindani kushuka na kutembea, huku wakikwangua udongo kwa vijiti na kwa mikono. Baadhi yao walivunja gia kwa kulazimisha pedeli. Dawa ya mwenye baiskeli ya changarawe ni kupunguza upana msimu wa mvua, kwa mfano kufunga 38 kwenye fremu ya 45, na kubeba kijiti. Na penye udongo wa namna hiyo, ukweli ni kwamba hata saiklokrosi hubebwa begani. Imeumbwa tu kubebwa vizuri zaidi.

Baada ya tairi huja gia. Saiklokrosi ya miaka mingi ilikuwa na sahani mbili za mbele zenye meno 46 na 36, na nyuma kaseti ya 11 hadi 28. Za siku hizi mara nyingi zina sahani moja ya meno 40 au 42. Kwa mashindano hiyo inatosha. Kilima kikiwa kikali mno, mshindani hushuka akakimbia, na mara nyingi hukimbia haraka kuliko ambavyo angepanda. Msafiri mwenye kilo 10 za mizigo hana njia hiyo ya kutokea. Kwa gia ya 36 mbele na 28 nyuma, baiskeli yenye tairi la milimita 33 husogea takribani mita 2.8 kwa kila mzunguko mmoja wa pedeli. Akizungusha mara 60 kwa dakika, mwendo huwa karibu kilomita 10 kwa saa, na akishindwa kuushikilia mwendo huo mlimani atalazimika kusimama juu ya pedeli au kushuka. Baiskeli ya changarawe yenye sahani ya meno 31 mbele na jino 34 nyuma husogea mita 2 tu kwa mzunguko, yaani kilomita 7 kwa saa kwa mzunguko uleule wa miguu. Kwenye barabara za Usambara, Uluguru au milima ya Rwanda, tofauti hiyo ya kilomita 3 ndiyo inayoamua kama mtu atafika juu akiwa kwenye siti.

Upande wa pili, gia nzito za saiklokrosi humfaa anayetumia baiskeli hiyohiyo kwenye kundi la lami siku za Jumamosi. Sahani ya 46 na jino 11 humpa kasi ya karibu kilomita 48 kwa saa akizungusha mara 90 kwa dakika. Baiskeli za changarawe zenye sahani moja ya 40 na kaseti pana huweza kufikia kasi ya kutosha pia, ila hatua kati ya gia moja na nyingine huwa kubwa, na katika kundi linalokwenda kasi moja mguu huchelewa kupata mzunguko unaoupenda. Hili ni lalamiko la waliozoea lami. Asiyewahi kuendesha na kundi halimhusu.

Umbo la fremu huleta tofauti inayohisiwa zaidi kuliko inavyoonekana. Kwa saizi ya kati, umbali kati ya magurudumu ya saiklokrosi huwa karibu mita 1 na sentimita 1 au 2, na baiskeli ya changarawe huongeza sentimita kadhaa juu ya hapo. Ekseli ya pedeli ya changarawe hukaa chini zaidi kwa takribani sentimita 1, hivyo uzito wa mwendeshaji huzama kati ya magurudumu badala ya kukaa juu yake. Foku nayo hulala kidogo mbele. Matokeo yake ni baiskeli inayoshika njia yake yenyewe kwenye mteremko wa kokoto, hata mkono mmoja ukiwa kwenye chupa ya maji. Usukani wa changarawe mara nyingi hutanuka sehemu ya chini ili mikono ipate upana wa kudhibiti, na kichwa cha fremu huinuliwa ili mgongo usiinamishwe sana. Saiklokrosi humweka mtu katika hali ya kushambulia, jambo zuri kwa dakika 60.

Mengine ni ya kubeba mizigo. Fremu ya changarawe ya kawaida ina matundu ya chupa 3, moja ikiwa chini ya fremu, matundu ya mfuko mdogo juu ya bomba, mara nyingi ya keria na madigadi, na wakati mwingine ya kubebea vitu kwenye foku. Anayetumia baiskeli kwenda kazini mjini ataona thamani ya madigadi siku ya kwanza ya masika. Kuna pia baiskeli za changarawe zenye foku ya springi fupi ya milimita 30 au 40; zinapendeza kwenye mawe, lakini huongeza uzito, bei na kitu kimoja zaidi cha kupeleka kwa fundi.

Mipaka kati ya aina hizi mbili si ukuta. Mwaka 2021 kampuni ya Specialized iliitoa upya Crux, iliyokuwa kwa miaka mingi saiklokrosi yake, ikiwa sasa ni baiskeli ya changarawe inayopokea tairi la milimita 47. Mwaka huohuo Cannondale iliuza fremu moja kwa majina mawili, SuperSix EVO CX kwa saiklokrosi na SuperSix EVO SE kwa mashindano ya changarawe, tofauti zikiwa matairi na gia. Kampuni hupenda majina mapya kwa sababu jina jipya huuza. Kwa hiyo lebo iliyobandikwa kwenye fremu haitoshi kuwa ushahidi, na mnunuzi anayeisoma bila kusoma vipimo anaweza kulipia kitu alichonacho tayari nyumbani.

Uamuzi, basi, unategemea matumizi. Anayeishi Ubelgiji, Uholanzi, Uingereza au sehemu za Marekani ambako klabu huandaa mbio za saiklokrosi kila wikendi ya vuli na baridi, naye akitaka kushindana kwa dhati, anunue saiklokrosi. Kubeba baiskeli ya changarawe yenye chupa na matundu yote hayo juu ya ngazi mara 20 kwa saa ni adhabu. Anayetaka tu kuonja mchezo huo mara chache kwa msimu anaweza kuingia na baiskeli ya changarawe yenye matairi ya 33. Atapoteza sekunde kwenye kona na kwenye vizuizi, lakini hataaibika. Kwa kila matumizi mengine, yaani safari ndefu, kwenda kazini, barabara za vijijini, mizigo, mawe na milima, baiskeli ya changarawe ndiyo chaguo sahihi, na sababu kubwa ni tairi na gia nyepesi. Mtu mwenye saiklokrosi tayari hana haja ya kuiuza kwa sababu ya mtindo. Akifunga tairi la 38 lisilotumia tyubu lenye maji ya kuziba pancha, ambayo huziba tundu la mwiba wa mgunga kabla mwendeshaji hajatambua, na akibadilisha kaseti ya nyuma kuwa pana zaidi, atakuwa amepunguza sehemu kubwa ya pengo kwa gharama ndogo. Ahakikishe kwanza kwamba kibadilishio cha gia cha nyuma kinaweza kufikia jino hilo kubwa. Si kila kimoja kinaweza.

Soko la baiskeli zilizotumika lina tahadhari zake. Saiklokrosi za zamani zilitumia breki za kubana rimu, kwa kuwa UCI iliruhusu breki za diski kwenye mchezo huo mwaka 2010 tu. Breki za rimu ni dhaifu kwenye maji, ila fundi yeyote wa mtaani anaweza kuzitengeneza, na raba zake zinapatikana. Diski za mafuta hufunga vizuri sana, lakini vipuri na mafuta yake si rahisi kuvipata nje ya miji mikubwa ya ukanda huu. Diski za waya ni njia ya kati. Baiskeli iliyoshindana kwenye tope imeoshwa kwa maji ya presha mara nyingi, na maji hayo huondoa grisi kwenye mipira ya chuma ya habu, ya kichwa cha foku na ya ekseli ya pedeli. Sehemu hizo zizungushwe moja moja kwa mkono: zikikwaruza au zikicheza, bei ipungue. Bomba la nyuma karibu na tairi litazamwe kwa makini, kwani tope lenye mchanga husaga rangi na, kwenye fremu za kaboni, linaweza kula hadi ndani.

Kipimo cha rimu nacho kisomwe kwenye ubavu wa tairi. Saiklokrosi na baiskeli nyingi za changarawe hutumia kipenyo cha 622, kwa hiyo tairi lake huandikwa kwa mfano 40-622. Tairi la inchi 28 la baiskeli nyeusi za mizigo, aina ya Phoenix, ni la kipenyo cha 635 na haliingii. La inchi 26 la baiskeli ya milimani ni 559. La inchi 29 ni 622 na litaenea rimu, ila upana wake kwa kawaida hauingii kwenye fremu. Mtego wa mwisho ni magurudumu ya mashindano yenye matairi ya kugundishwa kwa gundi, yanayopendwa sana na washindani wa saiklokrosi. Rimu yake haina ukingo wa ndani wa kushika tairi la kawaida, hivyo tairi likiisha mwenye baiskeli atalazimika kuagiza la aina hiyo kutoka ng'ambo au kununua magurudumu mapya mawili.